Mtoto Ana Haki Gani Wakati wa Likizo?

Mwezi wa Julai ukifika, wengi wetu hapa Kongo huwawaza ndugu waliohamia Ulaya, tukasema: «Sasa wanastarehe. Shule zimefungwa, jua linawaka, watu wanakwenda baharini.» Na baada ya kuwaza hivyo huwapelekea ujumbe: «Kaka, Septemba inakaribia, watoto wanataka feza ya masomo.» Hatusemi kwamba kuomba ni kosa. Lakini inafaa tufahamu kwanza likizo ile ni maisha ya namna gani, ndipo tuulize nani ana haki juu ya nani.

Tuchukue mfano wa jamaa ya Kikongo kule Bruxelles, mji mkuu wa Ubelgiji. Wakongo wengi wanaujua mtaa wa Matonge katika Ixelles, karibu na Porte de Namur, ulioitwa kwa jina la Matonge ya Kinshasa. Madukani mwake mna sombe, samaki wakavu na unga wa muhogo. Mtu akipita pale hudhani yuko kwao. Lakini akipanda ngazi mpaka nyumbani, gorofa ya nne, ataona habari nyingine. Mama ameondoka alfajiri kusafisha maofisi. Baba amerudi asubuhi kutoka kazi ya usiku, na sasa amelala. Watoto wameambiwa wasiruke, maana jirani wa chini atanung’unika, wasimfungulie mtu mlango, wasimwamshe baba. Mwanzo wa Julai jua la kule huzama karibu saa nne ya usiku. Mchana ni mrefu mno kwa mtoto asiye na mtu wa kusema naye.

Mtu atasema: «Wazazi wachukue ruhusa kazini.» Basi tuhesabu. Mfanyakazi wa Ubelgiji, akifanya kazi siku tano kwa juma, ana haki kwa sheria ya siku 20 za mapumziko kwa mwaka, yaani majuma manne. Nazo huhesabiwa kwa kazi ya mwaka uliotangulia. Katika shule za Kifaransa, tangu matengenezo ya mwaka 2022, likizo kubwa ni majuma saba hivi, na likizo nyingine nne za majuma mawili mawili. Jumla ni majuma 15. Baba na mama wakipokezana, bila kupumzika pamoja hata siku moja, wanafikisha majuma manane tu. Yanabaki saba. Viko viwanja vya michezo ya likizo na kambi za vijana, lakini huko hulipwa, na nafasi hujaa upesi. Kurudi Kongo nako si rahisi, kwani nauli ya ndege hupanda katika miezi ile ile.

Kwetu, nani hulea mtoto wakati wa likizo? Hakuna anayeuliza. Babu yupo, nyanya yupo, shangazi yupo, na jirani ana ruhusa ya kukemea. Mtoto huchota maji, huvuna karanga, husikiliza wakubwa wakisema. Wahenga walisema: mkono mmoja haulei mwana. Kule ugenini mkono ni mmoja, nao umechoka.

Hapo yatokea maswali mawili.

La kwanza: je, mapumziko ya mtoto ni uvivu tu, hata yasiwe na thamani? Mtakatifu Toma wa Akwino alikataa wazo hilo. Alikumbusha habari ya zamani juu ya upinde: ukivutwa siku zote bila kulegezwa, huvunjika, na roho ya mtu ni vivyo hivyo. Alifundisha kwamba mchezo wenye kiasi ni jambo la fadhila. Basi mapumziko ni haki ya mtoto. Lakini kufungiwa ndani si mapumziko, na kukaa peke yake mbele ya picha za simu kutwa nzima si mchezo. Tena yuko mmoja ambaye mara nyingi hana likizo kabisa: binti mkubwa. Kusaidia kulea wadogo zake ni vema, na ni mafundisho mazuri. Kugeuzwa mama yao miezi miwili ni kumnyang’anya utoto wake.

Swali la pili ni zito zaidi. Mzazi yule huongeza saa za kazi mwezi wa Agosti kwa sababu gani? Mara nyingi kwa sababu yetu. Tangu Septemba 2019 shule za msingi za umma hapa Kongo zimetangazwa kuwa bila malipo, lakini sekondari bado hulipwa, na ndugu wa Ulaya ndiye anayetazamiwa. Je, amlipie mpwa wake masomo, au akae na mwanawe? Toma yule yule alifundisha kwamba upendo una utaratibu wake. Hatuwezi kumtendea kila mtu sawasawa; aliye karibu zaidi hutangulia, na mzazi ana deni kwa mtoto aliyemzaa. Utaratibu huo haumpi mtu ruhusa ya kufumba mkono. Mwenye ziada asaidie. Lakini ziada ni ziada: isitolewe katika saa ambazo mwanawe alimhitaji na hakumwona. Feza ikipotea hutafutwa tena. Mwaka wa utoto ukipita haurudi.

Tufanye nini basi? Kwa ndugu walio ugenini tunasema: jamaa tatu au nne zishikane, kila moja ilinde watoto wa wote siku yake. Mtoto apike sombe pamoja na baba, asonge bukari, asikie Kiswahili mezani. Tarehe 21 Julai na 15 Agosti ni sikukuu za nchi ile. Atakayepata nafasi asiziuze kwa saa za ziada.

Na sisi tulio nyumbani? Tueleze shida zetu mapema na kwa kweli, tusiongeze hesabu. Tukiambiwa «mwaka huu haiwezekani», tusimwite ndugu yetu mchoyo. Na tusingojee kupokea tu. Babu anaweza kumpigia mjukuu simu jioni, akamtolea hadithi ya sungura, akamtajia majina ya mababu zake. Bei yake ni ndogo, na hakuna duka la Ulaya linaloiuza. Simu tunayoitumia kuomba, tuitumie pia kulea.