Saini Isiyo na Uso

Mwaka 1871 Stanley alipotua Kwihara, jirani na Tabora, alikuta mfuko wa barua za Livingstone ulioandikwa tarehe 1 Novemba 1870. Ulitoka Unguja ukakwama Unyanyembe. Aliyeuchukua, Kaif Halek, alijua kuwa unakwenda Ujiji. Yaliyomo hakuyajua, wala hakuhitaji kuyajua.

Nimeukumbuka mfuko huo kwa sababu ya swali la zama zetu: je, mtu aweza kutia saini ombi la umma pasi na kujulikana? Saini ni mpagazi wa mizigo miwili. Yathibitisha kuwa mtu ana haki ya kuhesabiwa, tena mara moja tu. Kisha yamtaja ni nani. Hesabu yahitaji mzigo wa kwanza. Wa pili aghalabu humfaa mwenye nia ya kulipiza kisasi.

Mwaka 1982 Mmarekani David Chaum alionyesha namna ya kuitenganisha mizigo hiyo. Tuseme mkulima wa tumbaku wa Urambo ana malalamiko juu ya mnunuzi. Huandika kwenye karatasi namba aliyoibuni mwenyewe, akaitia katika bahasha pamoja na karatasi ya kaboni. Karani humtambua, hutia alama kwenye jina lake, hupiga muhuri juu ya bahasha bila kuifungua. Nao muhuri hupenya hadi ndani. Siku nyingine karatasi ile huwasilishwa bila jina. Muhuri ni wa haki, mwenyewe hajulikani. Kompyuta hufanya hayo kwa tarakimu. Wahenga walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Hili hata karani aliyelipiga muhuri haligangui.

Wapo wasemao kuwa ombi ni ushahidi, na shahidi hafuniki uso. Wana hoja. Baada ya mkutano wa TANU wa Tabora, Januari 1958, kukubali uchaguzi wa kura tatu, Zuberi Mtemvu alijitenga waziwazi akaunda chama chake. Lakini yeye alikuwa mwanasiasa, na jina ndiyo mtaji wa mwanasiasa. Mkulima atarudi kwa mnunuzi yuleyule msimu ujao. Sioni kwa nini ushujaa uwe nauli ya kuhesabiwa.

Hata hivyo, kitongoji kikiwa na wakulima arobaini, na karatasi zikafika thelathini na tisa, hisabati haimfichi mtu. Na orodha ya karani, yenye majina ya wote waliofuata muhuri, imebaki mezani.