Deni Lililobaki Udongoni

Wako watu wasemao kwamba deni hufa pamoja na mdaiwa. Neno hili lafaa kupimwa, nasi tulipime kwa habari za Kabwe, mji wa Zambia ulioitwa zamani Broken Hill.

Hapo palichimbwa risasi na zinki tangu mwanzo wa karne ya 20 hata mwaka 1994, mgodi ulipofungwa. Mali ilikwenda zake, lakini vumbi lilibaki. Moshi wa tanuru uliangusha risasi juu ya nyumba na mashamba, na masalio ya mawe yaliyosagwa yakarundikwa kama vilima. Risasi haiozi kama jani. Mvua huichukua mpaka mferejini, upepo huipeperusha uani. Mtoto achezaye mavumbini hutia vidole kinywani, naye huimeza. Ubongo wake unaokua hudhurika, akawa mzito wa kujifunza. Waganga wasema kwamba hakuna kiasi cha risasi, hata kidogo, kijulikanacho kuwa salama kwa mtoto.

Basi, mdaiwa ni nani? Wachimbaji wa kwanza wamekwisha kufa. Mgodi ulitoka mikononi mwa kampuni ukawa wa serikali, na kila mmoja aweza kumwonyesha mwenziwe kidole. Mwaka 2003 serikali ya Zambia ilianza kazi ya kusafisha kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Yaani deni la kale lililipwa kwa deni jipya, wala halikwisha.

Labda msomaji atasema, “Asiyekusudia ubaya hana hatia.” Na iwe hivyo; lakini hatia ni neno moja, na deni ni neno jingine. Mbuzi wangu akila mahindi ya jirani nami nimelala, sina hatia ya wizi, walakini nitalipa. Na arithiye shamba hurithi pamoja na deni lake. Deni la fedha laweza kusamehewa na mdai. Bali mtoto aliyezaliwa jana hajasamehe mtu, naye ndiye anayelipa kwa mwili wake.

Wala tusidhani kwamba haya ni ya wakubwa tu. Aoshaye dhahabu kwa zebaki kando ya mto huacha sumu ifikayo katika samaki wa watu wengine. Kabla ya kuuliza, “Nitapata nini?” yafaa tuulize, “Nitaacha nini, na nani atakilipia?” Dawa ya deni ni kulipa, na alipaye mapema hulipa kidogo.