Je, Yafaa Kumcheka Marehemu?

Mwaka 1987 tulimzika bibi yetu mzaa mama. Wakati huo tulikuwa na miaka michache tu tangu kutoka chuo cha ualimu, na jamaa wakatupa kazi ya kusoma kanisani habari za maisha yake, maana watu hudhani mwalimu hakosi maneno. Tukaandika ukurasa mzima: mpole, mvumilivu, mnyenyekevu. Tulipotoka nje, shoga yake wa tangu ujana alitushika mkono akasema, "Mume wangu, yule uliyemsoma ni nani?"

Swali hilo lilitukera, na jioni tukazidi kuharibu. Matangani, mtani wake alijifunga kanga ya marehemu, akashika mkongojo wake, akaanza kuwafukuza kuku huku akiwaita kwa majina. Hapana budi tueleze kwamba bibi aliwapa kuku wake majina ya mawifi zake, na kila alipochinjwa mmoja tulijua ni wifi gani aliyemwudhi juma lile. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, na wifi mmoja aliyekuwa bado hai alicheka kuliko wote. Sisi tukainuka, tukamwambia mtani avue kanga ile, kwani hapa ni msibani. Akaivua, akaikunja vizuri, akaenda zake. Nyumba ikawa kimya.

Je, tulikosea? Asemaye kwamba marehemu hawezi kujitetea asema kweli. Kiko kicheko cha watu wakaao nyuma wakiteta, wasiojua kwamba bibi alizika watoto wawili kabla ya kumpata mama yetu. Hicho ni dhuluma. Lakini mtani yule alikuwa amechimba kaburi tangu alfajiri, na udongo ulikuwa bado kwenye kucha zake. Sisi tuliomkataza tulikuwa na karatasi tu.

Na sifa nazo zaweza kudhulumu. Maneno yetu yale yangeweza kusomwa kwa bibi ye yote aliyezikwa hapa. Dorkasi alipokufa kule Yafa, wajane hawakumpa Petro orodha ya sifa. Walilia huku wakimwonyesha nguo alizowashonea. Sisi nasi tulikuwa na kitu cha kuonyesha, nacho ni barua.

Kabla bibi hajajua kusoma, sisi ndio tuliomsomea barua za mjomba kutoka Tanga. Kila tulipofika mwisho tuliongeza sentensi yetu wenyewe: "Na huyo msomaji mpe thumni." Akatoa siku zote, wala hakunung'unika. Basi mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, naye baadaye akaanza kwenda kisomo, na hata ulipofika mtihani wa taifa wa Agosti 1975 alikuwa msomaji hodari. Siku moja alifungua sanduku lake, akazisoma barua zote, moja baada ya nyingine, nasi tumesimama mbele yake. Hakutupiga. Alihesabu thumni zake kwa vidole, akaandika deni ukutani jikoni kwa mkaa, kwa mwandiko wake ule mpya uliopinda, na tangu siku ile mpaka anakufa alituita Bwana Posta.

Hayo hayakuwamo katika ukurasa tuliousoma kanisani. Wakati ule tulijiambia kwamba twamlinda bibi asivunjiwe heshima. Lakini habari ile haikumwaibisha yeye hata kidogo, ilituaibisha sisi. Twaona sasa kwamba hata kanga ile tuliivuliza kwa ajili yetu wenyewe, mwalimu kijana aliyeogopa wageni wa mjini wangesemaje.

Ilipita miaka miwili ndipo tukamwendea mtani kumwomba radhi. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akatutoza jogoo. Tulipompelekea, alimshika miguu, akamgeuza huku na huku, akauliza, "Na huyu anaitwa nani?"