Pengo Kati ya L na A

Neno HALALI ni gumu kulipanga. Ukiliandika kwa herufi kubwa, L ya kwanza na A inayoifuata hukataa kukaa pamoja. L imeacha nafasi juu, A nayo imepanda kwa mshazari hadi nchani, kwa hiyo ukizipima kwa rula sawa na herufi nyingine, jicho linaona shimo katikati ya neno, kama kinywa kilichong'oka jino. Dawa yake ni kuisogeza A mpaka mguu wake wa kushoto ukaribie kuugusa mguu wa L, halafu unalegeza kidogo herufi zilizobaki ili neno zima lipumue. Huwezi kufanya hivyo kwa rula. Unarudi nyuma hatua kumi, unafinya macho, unaangalia, unarudi tena kwenye ngazi.

Mimi ni fundi wa mabango na nembo hapa Mumias. Nilianza na brashi na mkebe wa rangi, nikipiga mistari ya chaki kwa uzi kwenye kuta za maduka, na sasa kazi nyingi nafanya kwenye laptopu. Tuko mafundi kadhaa wa aina yangu, wa hapa na wa Butere, Bungoma na Kakamega mjini, na tuna mazoea ya kutumiana kazi kwa simu kabla ya kumkabidhi mteja. Wengine walisomea usanifu chuoni. Mtu anatuma nembo aliyoichora usiku, tunamwambia kwamba rangi hii itapotea ikichapwa kwenye risiti, kwamba herufi hizi nyembamba hazitasomeka na mtu aliye juu ya bodaboda, kwamba tovuti aliyomtengenezea mwenye shule itachelewa kufunguka kwenye simu ya mzazi mwenye bando ndogo kwa kuwa picha ni nzito mno. Hakuna anayelipwa. Kuna kijana aliyekesha akimrekebishia mwenzake faili ambayo hakuwa na hisa ndani yake hata senti. Nikiulizwa sadaka ni nini, hiyo naihesabu, kwa sababu elimu ya mkono ndiyo mali yetu, na watu hawa wanaigawa.

Kwa hiyo nilipopata kazi ya kuchora bango la bucha, niliwatumia mchoro kama kawaida. Mteja alitaka jina lake, neno HALALI kubwa, na pembeni ile alama ya mviringo ambayo taasisi za kuthibitisha halali huwapa wale waliokwisha kukaguliwa. Alama hiyo mteja hakuwa nayo. Niliuliza kama kuna mtu anayo iliyo safi, na kabla sijamaliza chai nikatumiwa, kali kabisa kila ukingo, tayari kubandikwa. Kisha tukaingia kwenye pengo la L na A. Tulilijadili karibu saa nzima. Mmoja alinichorea mishale, mwingine akapendekeza fonti nyingine yenye A pana. Lilipokamilika lilikuwa neno zuri kuliko yote niliyopata kuandika.

Siku ya kulipandisha, mama mmoja anayeuza mboga mkabala na bucha alisimama chini ya ngazi akaniuliza, "Mwanangu, anayechinja ulimwona?"

Nikamjibu, "Hapana mama, mimi nachora tu."

Hakuniambia kitu. Alirudi kwenye sukuma wiki zake. Lakini jibu langu mwenyewe lilinifuata mpaka nyumbani Shibale, likakaa nami wakati wa chakula, likasimama nami kwenye sala ya isha. Watu wazima wenye ujuzi tulikuwa tumekaa saa nzima juu ya nafasi isiyofika upana wa kidole, na hakuna aliyeuliza kama neno lenyewe ni kweli.

Watu wakisikia kwamba mchoraji ni Mwislamu huniuliza kuhusu picha za wanyama. Ni swali la haki, na wanazuoni wamelijadili kwa karne nyingi. Aliyenifundisha kazi alikuwa akichora ng'ombe wa bucha bila macho, nami nimeifuata njia yake. Lakini ndilo swali pekee la dini ambalo kazi yetu huulizwa, kana kwamba hatari yote imo kwenye jicho la ng'ombe na hakuna hatari yoyote kwenye herufi. Ng'ombe asiye na macho hamdanganyi mtu. Neno laweza kumlisha mtu kitu ambacho asingekila kwa hiari yake.

Nilianza kutafuta nafasi ya mtu kama mimi ndani ya Kitabu. Aya ndefu kuliko zote katika Qurani, ya 282 katika Sura al-Baqara, inahusu deni, na ndani yake yumo mwandishi. Anaamrishwa kuandika kwa uadilifu na asikatae kuandika, kwa kuwa ujuzi huo Mungu ndiye aliyemfundisha. Nilifurahi nilipomwona pale: fundi wa herufi, ametajwa pamoja na wakopeshaji na wakopaji. Kisha nikasoma kwa utulivu zaidi nikaona kwamba aya inagawa kazi. Mwenye deni ndiye anayetamka kinachoandikwa. Mwandishi anaandika. Mashahidi ni watu wengine, nao wanatafutwa mbali na mwandishi. Kama ni hivyo, basi jibu langu pale kwenye ngazi lilikuwa sahihi. Mwenye bucha ametamka, mimi nimeandika, na uongo ukiwepo ni wake.

Sikutaka kuipuuza hoja hii kwa sababu tu inanipendelea. Ina nguvu. Tukisema kila anayeandika anabeba mzigo wa ukweli wa kila anachokiandika, mpiga chapa atafunga mlango kesho, na karani wa mahakama atakuwa na madhambi ya kila mshtakiwa. Nilimpelekea hoja hiyo ustadhi aliyenifundisha alifu mpaka yee nikiwa mtoto. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja tu.

"Huyo mwenye bucha alikulipa ngapi?"

"Elfu tatu na mia tano, ustadhi."

"Na angelichukua mkaa akaandika mwenyewe mlangoni, ingemgharimu ngapi?"

Isingemgharimu kitu. Neno ni lile lile, herufi sita. Basi zile elfu tatu na mia tano nilizipokea kwa kitu gani? Maana mteja alikuwa nayo tayari. Alichonunua kwangu ni kuaminiwa. Mkaa mlangoni ungemfanya mpita njia asimame na kuuliza. Bango langu, na mistari yake iliyonyooka na pengo lake lililozibwa, lilimfanya asiulize. Aya ya deni iliwaweka mashahidi kando ya mwandishi ili msomaji awe na watu wa kuwaendea. Ukutani pa bucha mashahidi hawapo na mtamkaji haonekani. Kimebaki kimoja tu kinachomsemesha mnunuzi, nacho ni uzuri wa mkono wangu. Naamini fundi anawajibika kwa kiasi kile kile ambacho ufundi wake unashawishi. Kadiri ninavyoandika vizuri, ndivyo ninavyozidi kutoka kwenye kiti cha mwandishi na kuingia kwenye cha shahidi, hata kama hakuna aliyeniapisha.

Marehemu kukhu wangu, yaani nyanya yangu, hakusoma hata darasa moja, lakini alikuwa na alama moja aliyoijua. Akienda sokoni kununua leso alipita juu ya maua na rangi zote, akaufunua ukingo wa kitambaa na kutafuta maandishi madogo: Mali ya Abdulla. Ni alama ya duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, lililoanza mwaka 1887. Kwa macho ya kikundi chetu, maandishi yale hayana la kusifiwa. Ni herufi ndogo za kawaida zilizopangwa pembeni mwa kitambaa. Kukhu hakuwa akizisoma, alikuwa akizitambua. Aliziamini kwa sababu leso ya kwanza aliifua miaka mingi na haikuchuja, akanunua ya pili. Alama ilikuja nyuma ya kitambaa. Siku hizi wateja wanatuomba nembo kabla hawajashona hata leso moja, nasi tunawachorea nembo inayosema tayari wamekwisha kuaminiwa.

Nikisema haya nakumbuka kwamba mji wangu wenyewe una jina la aina hiyo. Misafara iliyotoka pwani kutafuta pembe za ndovu, ambayo ndiyo iliyoleta Uislamu huku Wanga, ilipaita mahali kwa jina la mwenyeji: kwa fulani. Joseph Thomson alipopita mwaka 1883 alipaandika Kwa-Sundu, yaani kwa Shiundu, Nabongo (mfalme) wa Wanga. Mwanawe Mumia akatawala mpaka akaheshimika mbali, na Waingereza wakaweka ile s yao ya kumiliki mwishoni mwa jina lake. Kialama cha juu kikaanguka njiani, ikabaki Mumias. Mali ya Abdulla, mji wa Mumia. Nabongo Mumia alifariki mwaka 1949, lakini jina lake lilikuwa limekwisha kuwa alama, na mwaka 1973 kiwanda cha sukari kilipoanza kusaga miwa, likaingia kwenye pakiti na jikoni kwa watu ambao hawajawahi kuuona mto Nzoia.

Pakiti hiyo nimeichora mwenyewe kwenye kuta za maduka, sijui mara ngapi. Niliichora kwa moyo mweupe. Miwa ilikuwa ikipita barabarani kwenye matrela, na usiku harufu ya molasi ilijaa mjini. Kisha mambo yakaharibika. Mitambo ilinyamaza, mwaka 2018 nchi nzima ikawa inazungumza juu ya sukari ya magendo inayofungwa upya kwenye magunia ya majina mengine, na mwaka 2019 kiwanda kikawekwa chini ya mrasimu kwa sababu ya madeni. Wakulima tunaowajua walikuwa wakingoja malipo. Pakiti zangu zilibaki ukutani, rangi yake bado inang'aa, zikisema kuna kitu ambacho hakikuwepo. Hakuna aliyezigusa, lakini zilikuwa zimegeuka uongo. Hapa swali langu linakuwa zito kuliko kwenye bucha, na sijalimaliza. Shahidi wa mahakamani hutoa ushahidi akaenda nyumbani. Mimi ushahidi wangu unakaa juani miaka kumi, unaendelea kusema kila siku, nami nimelala.

Lakini la bucha nililiweza. Nilimwendea mwenye bucha nikamwambia ukweli wangu: nimeandika nisichokiona. Hakukasirika kama nilivyoogopa. Alisema, "Njoo alfajiri twende kichinjioni."

Nilikwenda. Palikuwa na baridi na sakafu ilikuwa na maji. Mzee mwenye kofia ya kuswalia alipitisha ukucha wa kidole gumba kwenye makali ya kisu, akakigeuza upande ili ng'ombe asikione. Mnyama alielekezwa kibla, mzee akataja jina la Mungu kwa sauti ambayo niliisikia vizuri pale nilipokuwa nimesimama, na kisu kikapita mara moja. Baadaye mkaguzi wa nyama akaja na koti jeupe. Alilipasua ini, akalifungua kwa vidole akitafuta minyoo, akalichungulia kwenye mwanga wa mlango, kisha akagonga muhuri wake pajani mwa nyama. Muhuri ulikaa upande. Wino wa zambarau ulitapakaa, herufi mbili zikapandana, na nusu ya tarehe haikutokea. Niliutazama kwa muda mrefu. Mikono iliyougonga ilikuwa bado na damu ya lile ini.

Kwa hiyo neno lilikuwa kweli. Ile alama ya mviringo haikuwa kweli, kwa sababu taasisi iliyo na alama hiyo haikuwahi kufika pale. Tuliichukua tu kwa kuwa ilipatikana. Niliwaambia wenzangu yote mawili. Wawili walikubali, mmoja akaniambia kwamba nikianza hivyo nitakosa kazi, na yule aliyenitumia ile faili alinyamaza siku nne, kisha akaniuliza taratibu za kuomba alama hiyo zikoje ili amweleze mteja wake wa hoteli. Tangu siku hiyo kazi ya chakula ikitumwa, kuna mtu anayeuliza swali la mama wa mboga kabla ya swali la fonti. Si kila mara, lakini huulizwa.

Nilipanda ngazi tena na kuufuta ule mviringo kwa gharama yangu, tabaka mbili za rangi nyeupe. Haukupotea kabisa. Saa kumi jioni, jua linapolala upande wa Busia, unaonekana chini ya rangi kama kovu, na wateja wanamuuliza mwenye bucha pale palikuwa na nini. Yeye huwaelekeza kwangu. Wanakuja mpaka dukani, wengine na nyama mkononi kwenye gazeti, nami naweka kazi chini na kuwaeleza niliamka saa ngapi, mzee alisimama wapi, na niliyoyasikia kwa masikio yangu.