Ushindi wa Hatua Nane

Jumapili moja, kwenye mashindano madogo ya klabu ya chesi hapa Dar es Salaam, nilipangiwa mpinzani wa miaka 14 hivi. "Shikamoo, anko," akaniamkia, akaketi. Nilimmaliza kwa hatua nane.

Mtego huo niliufanyia mazoezi wiki nzima. Unaitwa Englund. Mweupe anasogeza askari wa malkia nyumba mbili, wewe unamtolea askari wako wa mfalme bure. Akimla, unaleta farasi, kisha malkia. Malkia wako akishaingia ndani kabisa kula askari, mpinzani anadhani atamfukuza kwa askofu, na hapo kwisha habari yake. Ila kama anaujua mtego, anaweka farasi kwenye nyumba ileile badala ya askofu, na wewe unabaki na mchezo mbovu.

Kijana hakununa. Akapanga kete upya, akaniuliza: "Anko, hapa ningecheza nini?" Nikamwonyesha yule farasi. "Halafu wewe ungefanyaje?" Nikakaa kimya. Kumbe mazoezi yangu yote yaliishia pale ambapo yeye angekosea.

Je, nilimdanganya? Nasema hapana. Chesi haina karata ya kuficha. Kila kete iko mezani na wote tunaiona. Mchezaji hana deni la kumtangazia mpinzani alichojiandaa nacho. Hata mwandishi wa riwaya ya upelelezi hatuambii ukurasa wa kwanza nani aliua.

Wala ugeni wa hatua si kosa. Mwaka 1980, kwenye mashindano ya timu za Ulaya mjini Skara, Uswidi, bingwa wa dunia Anatoly Karpov alifungua kwa askari wa mfalme. Tony Miles wa Uingereza akajibu kwa kusogeza askari wa ukingoni nyumba moja tu, hatua ambayo walimu wengi wangemkataza mwanafunzi. Miles akashinda. Lakini ile hatua haikuwa na mtego wowote ndani yake. Ilimtoa Karpov kwenye njia alizozizoea, na Miles naye akatoka. Kuanzia hapo ilibidi wote wawili wafikiri.

Mimi naona mpaka uko hapo. Kuna kumshtua mtu ili mwanzie wote penye giza, na kuna kumshtua ili aanguke kabla hajafikiri. Kipimo changu ni kimoja: kama mpinzani angeijua hatua hii, bado ningeicheza? Miles angeweza kujibu ndiyo. Mimi na Englund yangu, thubutu.

Mtaniambia ushindi ni ushindi, na pointi ni pointi. Kweli, karatasi ya matokeo haiulizi. Ila sikwenda klabuni kutafuta karatasi. Nilikwenda kukutana na akili ya mtu mwingine, na siku ile nilihakikisha hatukutani. Mtego wa panya huingia waliokuwamo na wasiokuwamo: yeye aliondoka amejifunza kitu, mimi niliondoka na pointi.

Bado napenda hatua za ajabu. Siku hizi nacheza ile ya askari wa ukingoni, na nafungwa mara nyingi tu. Juzi yule kijana alinifunga baada ya saa mbili za kuhangaishana. Tukabaki mezani tukiurudia mchezo, hatua kwa hatua, mpaka mlinzi akaja kuzima taa.