Gari Lako na Mlango wa Jirani Yako



Ndugu zetu wasomaji, leo twataka kusema juu ya jambo ambalo huenda baadhi yenu wakaliona si la kuandikwa katika ukurasa wa dini, nalo ni mahali pa kuegesha magari. Mtu atauliza: Je, Sheikh ameishiwa na maneno? Tumemzoea kutueleza habari za bid'a, na mahari makubwa, na gharama za matanga. Leo atuletea habari za magari! Lakini, enyi ndugu, haya yametufika sisi wenyewe, watu wa darsa hii. Si haki tuwasute wengine kila mwezi, na yetu tuyafunike.

Mwajua ya kwamba darsa yetu ya baada ya Isha ilikuwa ikisomwa katika fleti ya mmoja wa ndugu zetu hapa Mombasa. Jengo lile lina fleti ishirini na nne, na kila fleti ina mahali pamoja pa gari, pamepigwa rangi na kuandikwa nambari. Wageni yawapasa kuacha magari yao nje ya lango. Hiyo ni kanuni ya chama cha wakaazi, imebandikwa ukutani pale akaapo bawabu, na kila aliyenunua au kupanga ametia sahihi ya kuikubali. Nasi twaja watu kumi na watano, wenye magari saba au manane. Bawabu, maskini, akiona makanzu na vitabu hustahi, akafungua lango. Twaingia, kila mmoja aweka gari lake alipoona pana nafasi, kisha twapanda juu kusoma mlango wa twahara.

Chama kikatuandikia barua. Barua ilisomwa mbele ya darsa, na watu wakakasirika sana. Mmoja akasema, “Hawa waichukia dini.” Mwingine akasema, “Wakifanya harusi zao na ngoma hapana anayewaandikia.” Na mimi nami, naishuhudia nafsi yangu, nilisema maneno yaliyokaribia hayo, wala sikuuliza ni nani aliyedhurika.

Kisha, usiku mmoja katika mwezi wa Rajabu uliopita, nilitangulia kushuka kabla ya wenzangu. Nikamkuta mama mmoja ameketi ndani ya gari lake nje ya lango, na mtoto wake amelala kiti cha nyuma. Ni muuguzi, wala si Muislamu. Alikuwa ametoka kazini tangu saa mbili, na wakati ule ilikuwa saa nne kasorobo. Gari lililokuwa mahali pake ni langu mimi. Njia ya nje ina giza, na gari likiachwa pale usiku huibwa vioo vyake, basi akaona heri kungoja. Nikamwambia, “Mama, mbona hukumtuma bawabu aje anite?” Akanijibu kwa upole, wala hakuinua sauti: “Sheikh, mwezi uliopita nilimtuma. Aliambiwa angoje mpaka dua.”

Sikuwa na la kumjibu. Nimefundisha miaka mingi hadithi ya kuwa Jibrili hakuacha kumuusia Mtume (s.a.w.) juu ya jirani hata akadhani ya kuwa atamrithisha. Nimefundisha pia ile ambayo Mtume aliapa ndani yake ya kuwa hana imani mtu ambaye jirani yake hasalimiki na shari zake. Na jirani katika hadithi hizi hakusemwa kuwa ni Muislamu tu. Wanavyuoni wetu wamekwisha kueleza ya kuwa jirani asiye Muislamu anayo haki ya ujirani iliyo kamili.

Nilipofika nyumbani nilifungua Minhaj ya Imam Nawawi, kitabu ambacho wengi wetu tumekisoma kwa masheikh zetu, nikaenda mlango wa sulhu. Humo yako maneno juu ya njia ambayo sisi twayapita mbio, tukidhani ya kuwa ni mambo ya zamani ya ngamia. Asema kwamba njia iliyo wazi huku na huku hapana ruhusa kwa mtu yeyote kufanya ndani yake jambo linalowadhuru wapitao. Mwenye kutokeza roshani au kujenga juu ya njia, kama vile wikio za Lamu ziunganishazo nyumba mbili, yampasa ainue hata mtu apite chini yake amesimama wima; na ikiwa ni njia ya misafara, ainue hata apite ngamia mwenye machela juu yake. Hata kujenga kibaraza cha kukalia njiani, au kupanda mti, alikataza. (Na hapa tusiharakishe kuwahukumu wazee wetu kwa vibaraza vya miji yetu, iko kauli ya pili ya kuwa yajuzu ikiwa hapana dhara.) Sasa itazameni hukumu hii: mtu amekatazwa kuweka njiani kibaraza cha kukaa watu wawili, nasi twaweka njiani gari!

Lakini lililonishika zaidi ni lile la njia isiyopita, yaani kichochoro kilichozibwa mwisho wake. Hicho si cha watu wote, ni milki ya wenye milango ndani yake. Mtu wa nje haimjuzii kutokeza kitu humo bila ya idhini yao. Wala hata mmoja wao mwenyewe haimjuzii, kwa kauli iliyo sahihi zaidi, illa kwa radhi ya wenzake waliobaki. Basi uwanja wa fleti ni nini illa kichochoro cha namna hii? Lango lake ni moja, na wenyewe ni watu ishirini na nne. Ndugu yetu aliyetukaribisha alikuwa na haki ya fungu moja katika mafungu ishirini na nne, nasi tulifanya kama kwamba ametupa yote. Bawabu alitufungulia kwa haya, na haya ya bawabu si idhini ya wenye mali. Tulikuwa tukikaa juu kwa elimu, na magari yetu chini yamekaa kwa ghasbu.

Baada ya kuyasema haya katika darsa, vijana walinijia na hoja zao, na si vibaya kuzitaja, kwa sababu najua nyinyi wasomaji mtazisema pia.

Wa kwanza alisema ya kuwa kanuni hizi zimetungwa na watu, na wengi wao si Waislamu, basi zatulazimuje? Nasema: Mwenyezi Mungu katika mwanzo wa Surat al-Maida amewaamrisha walioamini watimize mikataba, na katika Surat al-Israa, aya ya 34, amejulisha ya kuwa ahadi ni jambo litakaloulizwa. Hakubagua mkataba uliofanywa na Muislamu na uliofanywa na mwengine. Na ni nani mwenye shida kuliko Abu Jandal siku ya Hudaibiya, mwaka wa 6 wa Hijra? Alikuja akikokota minyororo, akiwalilia Waislamu wamchukue, na Mtume (s.a.w.) akamrudisha kwa baba yake na huku moyo wamuuma, kwa kuwa alikwisha kupatana na Makureshi. Mkataba ule ulikuwa na washirikina waliomtoa mjini kwake. Nasi twashindwa na mkataba uliotutaka tuache gari nje ya lango, hatua sitini!

Wa pili alisema, “Mimi ni mpangaji tu, sikununua.” Aliyepanga amepokea manufaa ya mwenye nyumba pamoja na masharti yake. Huwezi kushika ufunguo ukakataa yaliyoandikwa katika karatasi uliyopewa nao.

Wa tatu, naye ndiye aliyesema neno la maana, aliuliza: Je, kila kanuni ya chama yafaa kufuatwa, hata ikiwa ni ya dhuluma? La. Hadithi iliyopokewa na Tirmidhi yasema kwamba Waislamu wako juu ya masharti yao, kisha ikatoa sharti lenye kuharamisha halali au kuhalalisha haramu. Chama kikikukataza kusali ndani ya nyumba yako, sharti hilo halina kitu. Lakini tusiifanye kila taabu kuwa ni haramu. Kuna waliogombana na chama katika mfungo tatu kwa kukatazwa kuchinja ndani ya uwanja, wakasema sunna imepigwa vita. Udhhiya ni sunna, lakini hapana aliyesema ni sharti ichinjwe baina ya magari ya watu, na damu iwatiririkie watoto miguuni. Machinjio yako, na mashamba yako.

Tena, kanuni isiyotupendeza ina mlango wake wa kuingilia. Katika nchi yetu ya Kenya iko sheria ya mwaka 2020 juu ya majengo yenye wamiliki wengi, iliyoshika mahali pa ile ya 1987. Kwa sheria hii wenye fleti ndio wenye shirika linalosimamia jengo, na uwanja, ngazi na mapaa ni mali yao kwa ushirika. Zipo kanuni zake, upo mkutano wake, na ziko kura. Niliuliza katika darsa ni wangapi kati ya wenye fleti wamewahi kuhudhuria mkutano wa chama. Waliinua mikono wawili. Basi twaacha mkutano, kisha twalalama juu ya yaliyoamuliwa mkutanoni!

Sasa na niseme na wenye vyama, kwa kuwa baadhi yao ni Waislamu na hukisoma kijarida hiki. Nanyi mna hesabu yenu. Tumeona mahali ambapo gari la mgeni wa maskini hufungwa chuma gurudumuni na kutozwa faini, na gari la mgeni wa mwenyekiti halionekani na jicho la bawabu. Tumesikia mtu aliyechelewa kulipa ada ya mwezi akakatiwa maji, na nyumbani ana watoto wachanga, nanyi mwajua jinsi Mtume (s.a.w.) alivyokataza kuzuia maji yaliyozidi. Deni lidaini kwa njia ya deni. Pesa za watu ni amana, na hesabu zake zisomwe mbele ya wenyewe.

Na katika jengo lile lile la darsa yetu yuko mama mjane apikaye mahamri alfajiri na kuyauza mlangoni pake, na kwa hayo asomesha watoto watatu. Kanuni yasema hapana biashara katika fleti, na jirani mmoja ameshitaki moshi na watu wapandao ngazi asubuhi. Nimeulizwa hukumu yake. Nami naona yote mawili ni kweli: mama amevunja sharti, na jirani adhurika. Lakini Abu Huraira (r.a.) alipopokea hadithi ya kuwa jirani asimzuie jirani mwenziwe kutia mti katika ukuta wake, aliwakemea waliokuwa wakiipa mgongo. Kauli mpya ya Imamu wetu Shafi ni kwamba jirani halazimishwi. Ni wema tu. Basi chama hakilazimiki kumwachia mama huyu, lakini ni wema gani utawapungukia wakimpa idhini ya saa mbili za asubuhi, apikie jikoni nyuma ambako moshi hautawafikia watu, na wanunuzi wangoje chini langoni? Niliwaandikia hivyo, na jambo limetiwa katika mkutano ujao. Mama mwenyewe nilimwambia aombe ruhusa, asiuze kwa kujificha. Alisema, “Sheikh, nikiomba wakakataa, watoto wangu watakula nini?” Swali lake bado liko kwangu. Ndugu wenye fleti katika jengo lile, mkutano huo msiukose kama mlivyoikosa iliyotangulia.

Ama yule mama muuguzi, nilimwendea pamoja na mwenye fleti, tukamtaka radhi. Alitusamehe, akatukaribisha chai. Bawabu naye tulimtaka radhi, naye alicheka sana, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumtaka radhi kwa kufunguliwa lango.

Kuanzia juma lijalo, inshallah, darsa itasomwa msikitini baina ya Maghrib na Isha. Wenye magari wayaache katika kiwanja kilichoko nyuma ya msikiti, wala wasiyaache mbele ya maduka, kwani wenye maduka hufunga baada ya Isha na huhitaji kupakia bidhaa zao. Tumefika katika mlango wa tayamamu, lakini kwanza tutasoma siku mbili katika mlango wa sulhu, kisha turudi tulipoachia.