Ngozi ya Lechon na Swali la Kiasi

Kwa Wakristo wengi wa Ufilipino, arusi au sikukuu ya mtakatifu wa mji haikamiliki bila lechon, yaani nguruwe mzima aliyebanikwa juu ya makaa. Jina limetoka katika Kihispania, na asili yake ni neno la maziwa, kwani hapo kale lilimhusu mwana-nguruwe anyonyaye. Kisiwani Cebu hujazwa mchaichai na vitunguu tumboni, kisha huzungushwa kwa saa kadhaa hata ngozi ikawa nyekundu, yenye kualika ivunjwapo. (Wasomaji wetu wasiomla mnyama huyu watuwie radhi, hoja yetu haikomei kwake.)

Ngozi hiyo ndiyo igombewayo kwanza. Nyama ibakiayo hupikwa kesho yake kwa siki, ikaitwa paksiw. Waganga watwambia kwamba ngozi ina mafuta mengi na chumvi, na kwamba protini yake, aghalabu kolajeni, ni pungufu kwa lishe. Hayo hatuyapingi. Lakini yupo mzee mwenye shinikizo la damu, ameketi karamuni miongoni mwa wajukuu wake. Je, tumnyime kipande kwa kumpenda, au tumpe kwa kumheshimu?

Sisi twaona kwamba kumkatalia mbele ya watu ni kumfanya mtoto. Aelezwe hatari mapema, faraghani. Kisha mezani mkono wake uachwe huru. Na iwapo ataomba kipande cha pili? Hapo, twakiri, twasita.